Ngomeni na Miale ya Gama: Jinsi Nyota Zilizokufa Zinavyochunguzwa

Wavuvi wa Ngomeni, katika Kaunti Ndogo ya Magarini, wamezoea kuyaona majukwaa mawili ya chuma yaliyosimama baharini, San Marco na Santa Rita. Wakazi wengi wa Kilifi wamewahi kusikia kwamba kutoka hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya sayansi duniani kote, na ni haki lisifiwe.

Wachache wanajua kuhusu setilaiti nyingine iliyorushwa baadaye. Novemba 1972, miaka miwili baada ya Uhuru, roketi nyingine iliondoka katika jukwaa lile lile ikiwa imebeba mtambo wa takriban kilo 185. Hiyo haikupewa jina la Kiswahili. Ilibaki kuitwa SAS-2, yaani ya pili katika mfululizo wa setilaiti ndogo za elimu ya nyota. Pengine ndiyo sababu imesahauliwa. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya gama kutoka angani, na miongoni mwa vitu ilivyoviona ni nyota zilizokufa zinazoitwa pulsari.

Makala haya yanaeleza miale hiyo ni nini, inaonwaje, kwa nini pwani yetu ilifaa kwa kazi hiyo na nini kinaendelea hadi leo. Yanajibu pia swali ambalo huulizwa mara kwa mara mtu anapoziona antena kubwa za kituo cha anga karibu na Malindi: je, miale hiyo inaweza kutudhuru?

Nyota ndogo, mwendo wa kasi

Nyota kubwa sana inapomaliza nishati yake hulipuka. Sehemu za nje hutawanyika, na kiini hujikandamiza chenyewe kwa uzito wake mpaka kinachobaki ni donge lenye upana wa takriban kilomita 20, ambao ni mfupi kuliko safari ya kutoka Malindi hadi Watamu. Hata hivyo donge hilo lina uzito unaolizidi Jua letu. Hiyo ndiyo nyota ya nyutroni.

Kwa kuwa imepungua ukubwa ghafla, huzunguka kwa kasi ya kushangaza, kama mchezaji anayejipinda mikono kifuani ili azunguke haraka zaidi. Nguvu zake za sumaku ni nyingi kiasi kwamba hakuna maabara duniani inayoweza kuzitengeneza. Sumaku kama hiyo ikizungushwa huzalisha umeme, sawa na jenereta, na umeme huo husukuma elektroni hadi karibu na mwendo wa mwanga. Elektroni hizo ndizo zinazotoa miale: mawimbi ya redio, mwanga wa kawaida, eksirei na gama. Miale hutoka kama shoka la mwanga la mnara wa kuongozea meli. Kila mnara unapogeuka, nahodha huona taa mara moja kisha giza. Nyota inayoonekana kwa mapigo namna hiyo ndiyo pulsari.

Pulsari ya kwanza iligunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, kwa kutumia antena za redio. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 iliyohusu ugunduzi huo ilimwendea msimamizi wake, Antony Hewish, na si yeye. Wanasayansi wengi bado huliona jambo hilo kuwa halikuwa la haki.

Pulsari mbili zinazotajwa sana ni Crab na Vela. Crab ilitokana na mlipuko ambao watazamaji wa China waliuandika mwaka 1054. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500 na huzunguka mara 30 kwa sekunde moja. Vela iko karibu zaidi, takriban miaka ya nuru 1,000, na huzunguka mara 11 kwa sekunde.

Hewa kama ukuta

Mwanga wa kawaida, redio na gama ni jamii moja. Tofauti yake ni nishati. Punje moja ya nuru ya gama ambayo SAS-2 iliweza kuinasa ilikuwa na nishati inayozidi ile ya punje ya mwanga wa macho kwa zaidi ya mara milioni 10. Mtu angedhani miale yenye nguvu hivyo ingepenya popote. Kinyume chake, ikifika kwenye hewa ya dunia hugongana na chembe za hewa na kuisha juu kabisa, kilomita nyingi kutoka ardhini. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ikipimwa kwa uzito, ni sawa na maji ya kina cha mita 10.

Hilo linajibu swali la usalama. Miale ya gama kutoka kwa pulsari haifiki Ngomeni, Malindi wala mahali pengine popote palipo usawa wa bahari. Antena za kituo nazo hazitoi gama wala hazivuti gama kutoka angani. Huwasiliana na setilaiti kwa mawimbi ya redio, jamii ile ile inayobeba matangazo na mazungumzo ya simu. Setilaiti ndiyo inayoinasa gama huko juu, inaandika hesabu zake, kisha inatuma hesabu hizo chini.

Kwa mtafiti, ukuta huo wa hewa ndio shida yenyewe. Kinachomlinda mkulima wa Magarini kinamzuia mnajimu kuona. Ndiyo maana ililazimu kurusha vyombo juu ya hewa, kwanza kwa maputo makubwa na baadaye kwa setilaiti.

Kwa nini Ngomeni

Ngomeni iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta. Hapo dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hivyo vipande vya roketi vinavyodondoka havianguki juu ya makazi. Mradi ulianzishwa na Italia chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, kwa ushirikiano na shirika la anga la Marekani, NASA, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo.

Kwa kazi ya gama kulikuwa na sababu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni nzito kuliko ile ya mafuta. Anga imejaa chembe zenye umeme zinazotoka kila upande, na chombo cha gama huzichanganya kwa urahisi na kile kinachotafutwa. Nguvu za sumaku za dunia huzigeuza nyingi ya chembe hizo, na ulinzi huo ni bora zaidi juu ya ikweta. Kisha kuna eneo juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazili, ambako chembe hizo hushuka chini na kujaa. Setilaiti inayopita humo hulazimika kufumba macho. Inayozunguka sambamba na ikweta hulikwepa kwa kiasi kikubwa. Kutoka Florida, iliyo digrii 28 kaskazini, kuiingiza setilaiti katika njia hiyo kungehitaji mafuta mengi ya ziada, na roketi ndogo ya Scout iliyotumiwa haikuwa na uwezo huo. Kutoka Ngomeni ilikwenda moja kwa moja.

Miezi saba ya kazi

Ndani ya SAS-2 hamkuwa na kioo wala lenzi. Gama haikubali kupindwa na kioo kama mwanga. Inakipita au inakivunja. Badala yake palikuwa na chemba ya cheche: tabaka nyingi za mabamba membamba na nyaya zenye umeme mkali, zikiwa zimezungukwa na gesi. Punje ya gama ikigonga bamba hugeuka kuwa chembe mbili, elektroni na pacha wake mwenye chaji chanya. Mbili hizo zikipita katika gesi huacha nyayo za cheche, na nyayo hizo huchora umbo la herufi V iliyopinduliwa. Watafiti walisoma mwelekeo wa V hiyo kama msasi anavyosoma nyayo mchangani, wakajua punje ilitoka upande gani wa anga. Chembe za umeme zinazotoka nje zilitambuliwa na gamba maalumu lililoifunika chemba, zikakataliwa.

Chombo kilifanya kazi mpaka Juni 1973, pale mtambo wa kugawa umeme ulipoharibika. Miezi saba tu. Katika muda huo kilichora picha ya anga la gama ambayo haikuwahi kuwa bora kiasi hicho, kikaona mapigo ya Crab, ambayo maputo yalikuwa yamekwisha kuyadokeza, na kikawa cha kwanza kuyaona mapigo ya gama ya Vela.

Vela ilileta fumbo. Kwa redio hutoa pigo moja kila inapozunguka. Kwa gama ilitoa mawili, na hakuna hata moja lililofika wakati mmoja na lile la redio. Hiyo ilimaanisha kwamba redio na gama hazitoki mahali pamoja kwenye nyota hiyo, jambo ambalo limewashughulisha watafiti kwa miaka 50 sasa.

Kuhesabu punje chache

Hapa pana jambo ambalo wengi hulidhania vibaya. Mtu akisikia kwamba setilaiti iliona mapigo 11 kwa sekunde, huwaza taa inayowaka na kuzima mbele ya chombo. Sivyo. Hata darubini ya anga ya Fermi, iliyo kubwa na ya kisasa kuliko SAS-2, hupata kutoka Vela punje moja ya gama kila baada ya takriban dakika mbili. Katika dakika mbili Vela imekwisha kuzunguka zaidi ya mara 1,000. Mapigo yanaonekanaje basi?

Chukua mfano wa kituo cha matatu mjini Kilifi. Mtu anataka kujua saa za msongamano, lakini amefungiwa mahali anapoweza kumwona abiria mmoja tu kwa siku, yeyote yule. Siku ya kwanza anamwona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ya pili saa kumi na moja jioni, ya tatu saa moja asubuhi. Anaandika tu. Baada ya mwaka mmoja anachukua alama zote 365 na kuziweka juu ya saa moja ya ukutani. Alama nyingi zitakuwa zimerundikana asubuhi na jioni, na chache zitakuwa zimetapakaa mchana na usiku. Hakuna siku hata moja aliyouona msongamano kwa macho, ila sasa anajua saa zake.

Watafiti hufanya vivyo hivyo. Kila punje huandikiwa wakati wake wa kufika, kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kisha nyakati zote hukunjwa juu ya mzunguko mmoja wa nyota. Punje zinazotoka kwenye pulsari hurundikana. Zile za vurugu za anga hutapakaa sawasawa.

Mkunjo huo unataka uangalifu. Mwanga huchukua dakika 8 na sekunde 20 kutoka Jua hadi kwetu, na dunia hulizunguka Jua kwa mwaka. Kwa hivyo pigo lile lile linaweza kutufikia mapema au kuchelewa kwa dakika kadhaa kutegemea mwezi, ilhali mzunguko mzima wa Crab huchukua sekunde 0.033 pekee. Nyakati zote hurekebishwa kana kwamba chombo kiko katikati ya mfumo wa jua. Isitoshe, pulsari hupunguza kasi polepole. Ratiba ya Crab, kwa mfano, huwekwa na darubini ya redio ya Jodrell Bank nchini Uingereza, na watafiti wa gama huitegemea. Bila ratiba ya redio, kazi ya SAS-2 ingekwama. Na kwa nyota moja, kweli ilikwama.

Nyota iliyoitwa “haipo”

Katika kundi la nyota la Mapacha, SAS-2 iliona doa la gama ambalo halikulingana na kitu chochote kilichojulikana. Hapakuwa na pulsari ya redio hapo, wala ratiba ya kukunjia nyakati. Mtafiti wa Italia, Giovanni Bignami, alilipa doa hilo jina la Geminga. Jina hilo linabeba neno la Mapacha na la gama, na katika lahaja ya Milano hutamkika kama kusema “haipo”. Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake, maana kwa karibu miaka 20 kila aliyeitafuta kwa redio alirudi mikono mitupu.

Mwaka 1992 setilaiti ya eksirei ya ROSAT iligundua mapigo mahali hapo: moja kila sekunde 0.237, zaidi kidogo ya mara 4 kwa sekunde. Sasa ratiba ilikuwa imepatikana. Setilaiti ya Compton, iliyokuwa angani wakati huo, ilithibitisha kwamba gama nayo inapiga kwa mwendo ule ule. Kisha watafiti walizifungua upya kumbukumbu za SAS-2 na kuzikunja kwa ratiba mpya. Mapigo yalikuwamo. Yalikuwa yamenaswa miaka 20 iliyopita na chombo kilichoondoka Ngomeni, yakakaa katika orodha za nyakati bila mtu kuyatambua.

Geminga ilifungua mlango. Ilionyesha kwamba kuna pulsari zisizotoa redio inayotufikia, na kwamba gama pekee inaweza kuzifichua. Darubini ya Fermi iliporushwa Juni 2008 haikukawia kupata nyingine ya aina hiyo. Kufikia orodha iliyotolewa mwaka 2023, pulsari za gama zilizojulikana zilikuwa 294. Kabla ya Fermi zilihesabika kwa vidole.

Antena za Malindi bado zinasikiliza

Roketi ya mwisho kutoka majukwaani iliondoka Machi 1988. Kituo cha nchi kavu, kinachoitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, hakikufungwa. Setilaiti nyingi za elimu ya nyota zimechagua njia ya ikweta kwa sababu zile zile zilizoelezwa hapo juu, na zikipita ikweta zinapita juu ya Malindi.

AGILE, setilaiti ya gama ya Italia iliyorushwa kutoka India Aprili 2007, ilituma data zake kupitia Malindi. Kila baada ya takriban saa moja na nusu ilipita juu ya pwani yetu, ikamwaga ilichokusanya, ikaendelea. Kwa njia hiyo ndivyo ilivyofika taarifa ya Septemba 2010 kwamba wingu linaloizunguka pulsari ya Crab lilikuwa limewaka gama kwa ghafla. Wataalamu walikuwa wameitumia Crab kama kipimo cha kusawazishia vyombo vyao wakiamini haibadiliki, na ikabainika kuwa inabadilika. AGILE ilimaliza kazi na kuungua ilipoingia katika hewa ya dunia Februari 2024. Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 kuchunguza eksirei na ambayo imezitazama Crab na Vela, nayo huwasiliana na kituo hicho.

Kwa mwanafunzi wa shule ya upili hili si jambo la mbali. Kazi ya kituo kama hicho inahitaji mafundi wa umeme, wa redio, wa kompyuta na wa mitambo ya kupoza hewa, si wanajimu peke yao.

Kutoka Namibia, gama nzito zaidi

Gama zenye nishati kubwa mno ni adimu kiasi kwamba setilaiti, kwa udogo wake, haiwezi kuzingoja. Hapo hewa inayozuia hugeuzwa kuwa chombo. Gama nzito ikigonga hewa, takriban kilomita 10 juu, huzaa mvua ya chembe zinazokwenda kwa kasi kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya hewa. Chembe hizo hutoa mmweko hafifu wa buluu unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde moja. Darubini zenye vioo vikubwa zinaweza kuuona, mradi usiku uwe wa giza na bila mawingu.

Barani Afrika kazi hiyo hufanywa na H.E.S.S., kundi la darubini 5 katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia. Nne zina vioo vya upana wa mita 12 na ya tano mita 28. Mwaka 2023 watafiti wake walitangaza kwamba walikuwa wamenasa kutoka Vela gama zenye nishati ya hadi elektroni-volti trilioni 20, karibu mara trilioni 10 ya mwanga wa macho. Hakuna pulsari iliyokuwa imeonekana ikitoa punje nzito hivyo kwa mapigo. Maelezo yaliyokubalika kuhusu jinsi elektroni zinavyosukumwa hayakutarajia kiwango hicho, na sasa yanafanyiwa kazi upya.

Zilipo angani

Hakuna anayeweza kuona gama kwa macho, lakini mahali zinapotoka panaweza kuonyeshwa. Mwezi Januari, mwendo wa saa nne usiku, nyota tatu zilizopangana mstari huwa karibu utosini. Ukielekea kaskazini utaona Kilimia upande wako wa kushoto. Crab iko kaskazini mwa zile nyota tatu, kimo sawa na Kilimia. Kwa darubini ndogo na anga lisilo na taa za mji, wingu lake huonekana kama doa hafifu. Geminga iko kulia kwake, nayo haionekani kabisa.

Vela huhitaji kungoja hadi Machi. Mwendo wa saa tatu usiku tazama kusini, utafute Suheli, nyota ing'aayo ambayo manahodha wa majahazi wameitumia kujua upande wa kusini. Kisha tazama kushoto kuelekea Msalaba wa Kusini. Vela iko katikati ya hiyo miwili, karibu zaidi na Suheli, katika sehemu ya anga ambayo kwa macho haina cha ajabu.